Kwenye daftari la serikali, dada yangu bado yuko hai

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye kikao cha vijana wa chama, kata ya Katubuka, Kigoma Ujiji. Wengi mliniomba niiandike kwa ajili ya wale ambao hawakufika, hasa mlioko vyuoni na mlioko Dar. Nimeiacha karibu kama ilivyokuwa. Nimepunguza tu marudio na vicheko.

 

Mimi ni mtoto wa hapa hapa Katubuka. Nasoma sheria, mwaka wa tatu. Nilipoambiwa nije kuongea nanyi nilitegemea kupewa mada ya Katiba mpya au tume ya uchaguzi, maana ndizo tunazopewa sisi wa sheria kila mara. Nikaomba nibadilishiwe. Leo nataka kuongea habari ya madaftari. Madaftari ya zahanati. Naona kuna mtu pale nyuma ameshatoa simu. Nipe dakika kumi tu ndugu yangu, nikishindwa kukushika endelea na simu yako.

Naanza na dada yangu. Ni binti wa mama mkubwa, na kwa sisi huyo ni dada kamili, hakuna cha "binamu". Aliolewa kijiji kimoja cha mwambao, huko ambako ukitaka kuja mjini unapanda mtumbwi wa injini mpaka Kibirizi, na ziwa likichafuka husafiri. Novemba 2023 alijifungua kwenye zahanati. Sitaitaja, maana siku ile muuguzi alikuwa peke yake na alifanya alichoweza. Mtoto wa kike, kilo tatu na kidogo. Kesho yake wakamruhusu, akarudi nyumbani, watu wakapika.

Siku ya kumi na tisa akaanza kulalamika kichwa. Miguu ilikuwa imevimba, wakasema ni uzazi, itaisha. Usiku akapata degedege. Wengine wakasema amerogwa, wengine wakasema mashetani ya ziwani. Shemeji akatoka kutafuta mtumbwi, upepo ulikuwa mkali, kila mwenye injini akasema tusubiri kukuche. Hakukukucha kwake. Alikuwa na miaka 26.

Baada ya arobaini mama mkubwa alinipa kadi yake ya kliniki, akaniambia, "Wewe ndiye msomi, nisomee mwanangu aliuawa na nini." Nikaisoma. Mimi si daktari, lakini kadi ile imeandikwa kwa mpangilio, kila hudhurio na mstari wake. Hudhurio la kwanza presha yake ilikuwa ya kawaida. La pili imepanda kidogo. La mwisho imeandikwa 150 kwa 100. Na ule mstari wa kipimo cha mkojo, kinachoonesha kama kuna protini, ulikuwa mtupu mara zote tatu. Nilipouliza nikaambiwa vile vikaratasi vya kupimia vilikuwa vimeisha.

Nikaenda kwa muuguzi yule. Hakunionesha kitabu, na hakutakiwa kunionesha. Lakini alinieleza kilichoandikwa: mama salama, mtoto salama, ameruhusiwa. Nikamuuliza, "Na alipofariki, iliandikwa wapi?" Akanyamaza. Kisha akasema, "Mdogo wangu, alifia nyumbani. Sisi hatukuletewa."

Kwa hiyo ndugu zangu, kwenye daftari la serikali dada yangu bado yuko hai. Kibaya zaidi, amehesabiwa kama mafanikio. Yumo kwenye idadi ya akina mama waliojifungulia kituoni na wakatoka salama. Mwisho wa mwezi ile alama yake ilijumlishwa, ikapanda wilayani, ikapanda mkoani, ikafika Dodoma. Inawezekana kuna kiongozi aliisoma kwenye hotuba akapigiwa makofi.

Sasa hebu tuielewe hiyo safari ya alama, kwa sababu wengi wetu tunalalamikia takwimu za serikali bila kujua zinatoka wapi.

Kila zahanati nchini, hata ile ya mwisho kabisa kule mpakani, ina madaftari makubwa yanayoitwa ya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mfumo huu upo tangu miaka ya 1990. Kila kitabu kina namba yake. Namba 5 ni wagonjwa wa nje. Namba 6 ni wajawazito wanaohudhuria kliniki. Namba 7 ni watoto. Namba 12 ni chumba cha kujifungulia. Namba 13 ni mama baada ya kujifungua. Muuguzi anajaza kwa mkono, mwisho wa mwezi anahesabu vijistari, anajaza fomu ya majumuisho, inakwenda kwa mganga mkuu wa halmashauri. Pale inaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta unaoitwa DHIS2, ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo na sasa unatumika nchi nyingi za Afrika. Toka hapo mtu wa wizara anaweza kukaa ofisini akaona Kigoma wamezaliwa wangapi mwezi uliopita.

Ni mfumo mzuri, na nasema hivyo nikiwa mpinzani. Lakini una tundu moja kubwa: unamwona aliyefika tu. Mtu akifia kitandani kwake, akifia mtumbwini, akifia kwa mganga wa kienyeji, kitabu hakina habari naye. Na mama aliyeruhusiwa siku ya pili kitabu kinamwacha mlangoni.

Wenye taaluma wanalijua tundu hili, ndiyo maana waliweka utaratibu wa kuliziba. Kifo cha uzazi, kwa tafsiri ya kimataifa, ni kifo cha mama akiwa mjamzito au ndani ya siku 42 baada ya ujauzito kuisha, kwa sababu inayotokana na ujauzito au iliyozidishwa nao. Ajali ya bodaboda haimo. Dada yangu alifariki siku ya 19, kwa hiyo yumo ndani ya tafsiri hiyo bila ubishi. Na mwongozo wa wizara unasema kifo cha namna hii kitolewe taarifa ndani ya saa 24, na kamati ikae kukijadili ndani ya siku 7. Si kumtafuta wa kumfunga. Ni kuuliza: kilichelewa nini? Uamuzi wa familia ulichelewa? Usafiri ulichelewa? Au alifika na huduma ndiyo ikachelewa? Kwa dada yangu hakuna aliyekuja kuuliza. Si saa 24, si siku 7. Mpaka leo.

Njia ya pili ya kuhesabu ni utafiti wa kaya, ule wa afya ya uzazi na mtoto unaofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu na mwenzake wa Zanzibar kila baada ya miaka kadhaa. Wa mwaka 2022 walihoji wanawake zaidi ya 15,000 nchi nzima. Humo ndimo inamotoka ile namba mnayoisikia kila siku, kwamba vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16 mpaka 104. Kwa namba hiyo Rais alipewa tuzo na taasisi ya Gates, Februari 2025.

Sasa vijana wetu mtandaoni wakaruka: uongo! namba za kupika! Mimi naomba tusiende huko. Nitawaambia kwa nini.

Unajua wanaipataje namba hiyo? Wanamuuliza mwanamke: mama yako mzazi alizaa watoto wangapi? Dada zako wa tumbo moja wako hai? Aliyefariki, alikuwa mjamzito, alikuwa anajifungua, au alikuwa ametoka kujifungua? Basi. Toka kwenye majibu hayo wanakokotoa. Ni njia halali, inatumika duniani kote kwa nchi ambazo hazisajili vifo vyote. Lakini vifo vinavyopatikana kwenye sampuli ni vichache, kwa hiyo namba inayotoka ina upana mkubwa wa makosa juu na chini. Mashirika ya Umoja wa Mataifa, kwa njia yao ya kukadiria, yaliiwekea Tanzania namba 238 kwa mwaka 2020. Huku 104, kule 238. Zaidi ya mara mbili! Na hakuna kati yao aliyekaa mezani akatunga uongo. Ni vipimo tofauti vya kitu ambacho hakihesabiwi moja kwa moja.

Na dada yangu? Alikuwa na kaka watatu, hana dada wa tumbo moja. Maswali yale wanaulizwa wanawake. Mimi wakinihoji kesho, nitajibu kuhusu tumbo la mama yangu mzazi tu. Kwetu ni dada, kwenye dodoso si dada. Kwa hiyo zahanati haikumwandika, na hata utafiti ungepita nyumba kwa nyumba kijijini kwao, nani angemtaja?

Kitu cha tatu, na hiki ndicho kinachotuhusu watu wa Kigoma. Hiyo 104 ni ya taifa. Utafiti ule hautoi namba ya vifo vya uzazi kwa kila mkoa, kwa sababu sampuli haitoshi. Sensa ya 2022 ilitukuta Kigoma tuko watu 2,470,967. Watu karibu milioni mbili na nusu, na ukiuliza "Kigoma wanakufa akina mama wangapi kwa mwaka, wakiwemo wanaofia nyumbani?" tuzo ya Dar es Salaam haikujibu. Ndiyo maana nasema tusibishane na namba ya taifa. Tudai namba yetu.

Na si kwamba haiwezekani. Kuna wakati mkoa huu ulihesabiwa kuliko karibu mkoa wowote. Kuanzia 2006 Bloomberg Philanthropies walifadhili kazi ya kuokoa akina mama, na hapa kwetu wengi mnaijua kwa jina la Thamini Uhai. Vituo vya afya vya vijijini vikawekewa vyumba vya upasuaji, madaktari wasaidizi na wauguzi wakafundishwa upasuaji wa kujifungua na dawa ya usingizi, ili mama asisafirishwe mpaka Maweni kwa kila kitu. Pamoja na hiyo kazi, watafiti wa CDC ya Marekani walikuwa wanapita vituoni kufukua madaftari, siyo ya leba peke yake, hata ya wodi nyingine, kutafuta vifo vya akina mama vilivyoandikwa kwa jina lingine. Wakafanya na tafiti za kaya humu mkoani 2014, 2016 na 2018. Vifo vya akina mama vituoni vilishuka, na walioshusha waliweza kuonesha vimeshuka wapi na kwa nini. Waliohesabu ndio waliojua pa kupeleka kisu cha daktari.

Mradi ukaisha. Na hapa lazima tujiulize swali gumu: kwa nini kuhesabiwa kwetu kulitegemea tajiri wa New York?

Hebu niwape mfano mwingine, tutoke kwenye uzazi twende kwenye magonjwa yasiyoambukiza. Mtu akikutwa na virusi vya UKIMWI anaandikishwa CTC. Anapewa namba. Ana faili. Asipokuja tarehe yake, kuna mtu anapiga simu au anamfuata nyumbani. Utafiti wa 2022-23 unatuambia maambukizi kwa watu wazima Kigoma ni asilimia 1.7, na Njombe ni asilimia 12.7. Tunajua mpaka nukta, mkoa kwa mkoa. Hiyo ni kazi nzuri, imeokoa maisha ya watu wetu, na fedha nyingi zilitoka Marekani kupitia PEPFAR.

Sasa chukua presha. Utafiti wa taifa wa mwaka 2012, ule wa hatua tatu, maswali kwanza, kisha kupima mwili, kisha kupima damu, ulikuta takribani mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 mpaka 64 ana shinikizo la juu la damu. Sukari, kama tisa kati ya mia. Mmoja kati ya wanne! Tukiwa hapa watu themanini wa umri huo, ishirini. Wazee wangu hapo mbele, nani hanywi dawa ya presha? Lakini mgonjwa wa presha hana faili linalomfuata. Anaandikwa kwenye kitabu cha wagonjwa wa nje siku akija, kama aliyekuja na mafua. Asipokuja miezi sita hakuna anayejua kama amepona, amehama, amekosa hela ya dawa, au tumeshamzika. Bibi yangu mimi ameanza na kuacha vidonge mara tatu. Hakuna kitabu kinachojua hilo isipokuwa daftari la mama yangu la matumizi ya nyumbani.

Na hapa ndipo mama na presha wanakutana. Mwanamke mwenye presha ambayo haikuwahi kuandikwa anashika mimba. Kliniki inamwona kama mtu mpya. Anajifungua, kitabu cha wajawazito kinafungwa, kitabu cha presha hakipo. Dada yangu alipita katikati ya vitabu viwili.

Mnakumbuka Januari 2025, Marekani ilipositisha misaada? Wafanyakazi wengi wa miradi ya UKIMWI hapa nchini walipewa barua wakae nyumbani. Mwezi uliofuata ule mpango wa kimataifa uliokuwa unasaidia tafiti za afya ya uzazi na mtoto kwenye nchi kama zetu ukakatwa. Yaani mtu mmoja anasaini karatasi Washington, na sisi huku tunaanza kujiuliza kama tutajua mwakani wamekufa watoto wangapi. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikaa Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende afya. Kila bajeti ikisomwa, tuwaulize imefika ngapi. Nchi isiyoweza kuhesabu wafu wake kwa hela yake haijajitawala sawasawa.

Nije kwenye sheria, maana ndiyo kazi yangu.

Kuna watu wanaogopa kugusa takwimu, na wana sababu. Oktoba 2017 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wetu wa Kigoma Mjini, alikamatwa na kuhojiwa na polisi kuhusu takwimu za uchumi alizozisema hadharani. Mwaka 2018 Bunge likarekebisha Sheria ya Takwimu, ikawa kosa kutoa takwimu zinazolenga kupinga au kupotosha zile rasmi, na adhabu ilikuwa kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini isiyopungua milioni kumi. Kelele zilipozidi, mwaka 2019 kipengele hicho kikarekebishwa. Kisha 2020 tukaona lingine: namba za korona zikaacha kutolewa mwanzoni mwa Mei, na kimya kikapita mwaka. Watu walizika. Kila mtu alihesabu makaburi ya mtaani kwake, hakuna aliyekuwa na jumla.

Kwa hiyo ukiniuliza takwimu ni siasa au si siasa, jibu unalo.

Lakini sheria hiyohiyo inatupa milango. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016: raia anaandika barua kwa ofisi ya umma, ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30, na ikikataa iseme sababu. Wangapi hapa wamewahi kuandika barua hiyo? Mikono? Naona mmoja. Wawili. Haya.

Ibara ya 14 ni haki ya kuishi. Katiba yetu haina ibara inayosema wazi "haki ya afya" ambayo unaweza kwenda nayo mahakamani. Wanasheria wa serikali watakwambia basi, kesi imeisha. Lakini angalieni jirani zetu Uganda. Akina mama wawili walifariki kwa kukosa huduma ya kujifungua, mmoja Mityana 2009, mwingine Arua 2010. Shirika la CEHURD pamoja na familia zao wakaenda Mahakama ya Katiba mwaka 2011. Wakatupwa 2012, mahakama ikisema hayo ni mambo ya sera. Wakakata rufaa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikasema hapana, rudini mkaisikilize. Na tarehe 19 Agosti 2020 wakashinda: mahakama ikasema kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi kunavunja haki ya afya na haki ya kuishi. Miaka tisa. Na katiba yao nayo haina ibara iliyosema "haki ya afya" waziwazi kwenye sura ya haki.

Nawaambia hivi kwa sababu moja. Familia zile zilikuwa na kitu mkononi. Vifo vile vilijulikana, vina tarehe, vina mahali, vina mashahidi. Kifo ambacho hakikuandikwa popote utakifungulia kesi vipi? Mimi mwanasheria mtarajiwa, mbele ya jaji, nina kadi moja ya kliniki yenye mstari mtupu.

Sasa tufanye nini? Nina kazi nne, zote zinaanzia hapa Katubuka, hazihitaji ruhusa ya makao makuu.

Kwanza, barua. Nimeandaa rasimu ya barua kwa mganga mkuu wa manispaa kwa Sheria ya 2016. Tunaomba idadi tu, bila jina la mtu: akina mama waliojifungua vituoni mwaka uliopita, vifo vya uzazi vilivyotolewa taarifa, vikao vilivyokaa kuvijadili, na miezi ambayo vipimo vya mkojo na dawa za presha viliisha kwenye kila kituo. Tutaisaini kwa majina yetu kama raia. Kisha tunahesabu siku 30.

Pili, kamati. Kila kituo cha afya na zahanati ina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Nafasi zikitangazwa tunaacha zichukuliwe na watu walewale, halafu tunalalamika. Vijana wawili kutoka humu waombe. Na mikutano ya mtaa twende, tuulize takwimu za afya zisomwe kama yanavyosomwa mapato na matumizi.

Tatu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kufundisha wahudumu zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Hawa ndio wanaoweza kuziba lile tundu, maana wao wanaishi mtaani, msiba ukitokea wanausikia usiku huohuo. Tudai wahudumu wetu wapatikane kwa haki, walipwe kwa wakati, na wapewe kazi mbili zinazoeleweka: kumfuata kila mzazi mpya mpaka siku ya 42, na kutoa taarifa ya kila kifo cha mwanamke wa umri wa kuzaa ndani ya saa 24. Hapa Katubuka bwawa letu likijaa tunajua nyumba ipi imeingiwa na maji, mlango kwa mlango. Tutashindwa kujua nani amejifungua?

Nne, nyumbani kwako. Kijana, ukitoka hapa nenda kaiombe kadi ya kliniki ya dada yako, ya mke wako, ya mama yako mdogo. Isome. Presha ikifika 140 kwa 90 mpaka juu, hiyo si ya kusubiri hudhurio lijalo. Mama aliyejifungua akilalamika kichwa kikali, macho kuona ukungu, uso kuvimba, hata kama ni wiki ya tatu, usiite mchawi. Piga 115, ni bure, ni namba ya usafiri wa dharura wa m-mama. Kwa dada yangu hakuna aliyeitaja namba hiyo usiku ule. Na msiba ukitokea, sajili kifo. Sheria inatoa siku 30. Tunasema kibali cha mazishi kinatosha. Hakitoshi.

Na onyo moja. Mtu asinipigie picha kitabu cha zahanati akaitupia kwenye grupu la WhatsApp. Taarifa ya ugonjwa wa mtu ni ya kwake, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayosema hivyo. Tunataka idadi, hatutaki majina ya watu. Wala tusiende kumfokea muuguzi. Yule muuguzi wa dada yangu anajaza vitabu zaidi ya vitano kwa mkono, peke yake, huku leba kuna mtu analia. Yeye naye hajahesabiwa.

Namalizia. Mtoto yule sasa anatembea. Anaishi na mama mkubwa, anaitwa jina la mama yake. Siku akienda kuandikishwa shule watauliza cheti cha kuzaliwa, kimo, alikipata. Wataandika jina la mama. Kisha wataweka alama pale penye hai au amefariki, na mama mkubwa atasema amefariki, na karani atauliza, "Mna cheti cha kifo?"

Hatuna. Nimeanza kukishughulikia kwa usajili wa kuchelewa. Nimeshaandikiwa barua na mtendaji wa kijiji, bado hatua nyingine. Najua haimrudishi. Lakini nataka mahali pamoja, kwenye karatasi moja ya Jamhuri ya Muungano, paandikwe kwamba alikuwepo, na kwamba alikufa, na alikufa kwa nini.

Rasimu ya barua iko hapa mezani. Kalamu ninazo. 

(Mpaka kikao kinafungwa walisaini watu 41, na wazee sita ambao hatukuwategemea. Barua tumeipeleka na nakala yetu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Tumeanza kuhesabu siku. Jibu likija, au lisipokuja, nitaandika hapa hapa.)